Habari Iliyongoja Lucca

Safari ile ilinigharimu pauni arobaini na saba, jozi moja ya viatu, na mazishi ya mama yangu. Pauni nilizilipa kidogo kidogo kwa miezi sita. Viatu vilipasuka soli ya kushoto kabla hatujaiona bahari. Mazishi nilikuja kuyajua yakiwa yamekwisha, nimekaa kwenye kigoda cha fundi viatu katika mji wa kale wa Italia, mguu mmoja umevaa na mwingine hauna kitu. Aliyeniambia ni rafiki yangu Peninah, ambaye alikuwa na habari hiyo mfukoni kwa wiki nzima, akitembea nayo bega kwa bega na mimi, milima na mabonde, bila kuitoa.

Kilichonirudisha huko ni sahani ya pilau. Wiki iliyopita tulikutana wauguzi wa zamani, sisi tuliotoka Kenya tukiwa wasichana kuja kusomea kazi Birmingham, katika ukumbi wa kanisa kule Acocks Green. Viti vilikuwa vingi kuliko watu. Nilivihesabu, kisha nikavihesabu tena nikitumaini nimekosea. Peninah alikuwa amekaa karibu na dirisha na fimbo yake imeegemezwa ukutani. Tulilala chumba kimoja Sparkhill kwa miaka minne, kisha akarudi Machakos, akafanya kazi huko mpaka akastaafu, na miaka hii ya karibuni amekuwa kwa bintiye Stechford, akilea wajukuu anaowasemesha Kiswahili nao wakamjibu Kiingereza. Aliponiona alisogeza kiti kwa mguu.

"Wee Wakio, bado unagombana na bei?"

"Pilau ni ya bure. Nitagombana na nani?"

"Nakujua, utampata tu."

Tukacheka. Tukawataja walioondoka, mmoja baada ya mwingine, tukataja magoti, presha, sukari. Halafu akaweka kijiko chini. "Mwisho wa mwezi narudi Machakos, na safari hii sirudi tena huku. Kuna jambo nataka nijue kabla sijaenda. Ile siku ya Lucca. Ulinisamehe?" Nilijaza mdomo pilau ili nisiwe na nafasi ya kujibu. Alinisubiri nimalize kutafuna, akaona natia kijiko kingine, akatabasamu. "Sijasema ujibu sasa. Jumapili ijayo nakuja kwako kunywa chai. Utaniambia." Kwa hiyo nina siku chache za kujua nilichofikiri katika mwaka wa sabini na tatu, na kwa kuwa sikijui, nimeona niandike nione kama kitajitokeza.

Chumba chetu kilikuwa ghorofani, upande wa nyuma, katika nyumba moja kwenye zile safu zilizoshikamana nje kidogo ya Stratford Road. Vitanda viwili, kabati moja ambalo mlango wake ulifunguka wenyewe kila basi lilipopita barabarani, na jiko la gesi la mezani ambalo hatukuruhusiwa kupikia harufu kali, sheria ambayo mwenye nyumba mwenyewe aliivunja kila siku jikoni kwake. Huyo alikuwa Mama Jaswant, mjane wa Kalasinga aliyekuwa na gereji Nakuru. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, cha kuamrisha na kupatana, nami nilikipenda kuliko Kiingereza cha mtu yeyote. "Wewe Wakio, pesa ya stima iko wapi?" "Nililipa wiki jana, Mama." "Wiki jana iko kwisha. Hii iko wiki nyingine." Alitugawia unga wake wa mahindi wa manjano, aliokuwa akipikia chapati zao za kikwao, nasi tukasonga ugali. Nyumbani ugali wa rangi ile ungeonekana mwaka wa njaa tu. Pale tuliula tukifumba macho, na ukifumba macho ugali ni ugali. Sakafu ilikuwa nyembamba. Jioni tuliwasikia wageni wake chini, watu waliofukuzwa Uganda mwaka uliotangulia, wakizungumza lugha zao ambazo hatukuzielewa, isipokuwa walipotaja walivyoviacha. Hapo maneno yalikuwa yetu: duka, shamba, sufuria, yaya. Kisha kikombe kinawekwa kwenye sahani, mtu anauliza bei ya chumba huko Stechford.

Mchana tulikuwa wodini. Sista aliyetufundisha, muuguzi mkuu wa wodi, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko zote: jamaa wa mgonjwa akifika amechelewa, mpeleke pembeni, mwambie neno lenyewe. Usiseme amelala. Usiseme ametutoka. Sema amekufa, halafu nyamaza, umwache alishike. Sisi wa Kenya neno hilo lilitukwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwetu anayepelekewa msiba huanza kwa kukaribishwa chai. Anaulizwa habari za njiani, za mvua, za watoto. Akishakula, akishakaa vizuri, ndipo mkubwa mmoja anakohoa na kuanza kuzunguka kutoka mbali, mgonjwa alizidiwa, tulijaribu, tulimpeleka. Na mtu akiwa safarini haambiwi kabisa. Anaachwa afike kwanza, avue viatu, kwa sababu huko njiani nani atamshika? Sista alisema huo ni ukatili uliovalishwa adabu. Sisi tulisema moyoni kwamba wake ni ukatili usiovalishwa kitu. Peninah peke yake aliijulia sheria ile. Alikuwa na sauti ya chini, tulivu, na mkono mkubwa aliouweka juu ya mkono wa mtu kabla hajatamka. Zamu nzima tulimtuma yeye. "Peninah, kuna mjukuu wa kitanda cha sita mlangoni." Naye anakunja mikono ya gauni na kwenda.

Mwaka ule Padri Doyle, Mwairishi wa parokia yetu ya Acocks Green, mwenye magoti mabovu na matumaini mengi, alitangaza matembezi ya kiangazi. Tungekwenda kwa basi mpaka kaskazini mwa Italia, kisha kwa miguu kwenye njia ya zamani ya mahujaji waliokuwa wakienda Roma. Tusingefika Roma. Tungetembea kipande tu, wiki mbili, na katikati tungepumzika siku moja Lucca. Bei ilikuwa pauni hamsini na tano. Nilimfuata sakristia nikamweleza kwamba watu ishirini wa Birmingham wasiozoea kutembea watakuwa na miguu arobaini yenye malengelenge, na kwamba muuguzi wa kuyatibu njiani si kitu cha kupata bure. Tulikubaliana arobaini na saba. Peninah alilipa bei kamili, bila kuuliza, akilaza pauni zake juu ya meza ya padri moja moja kama anayelaza mtoto. Ukutani juu ya kitanda chake alibandika picha ya Italia aliyoikata kwenye gazeti: barabara ya mawe, mti, ukuta mwekundu. Hakuwahi kwenda popote pasipo kazi. Mimi nilikwenda kwa sababu bei ilishuka.

Jumamosi ya kuondoka niliamka gizani nikatangulia kanisani ili tupate viti vya mbele. Mlango ulikuwa umefungwa nyuma yangu kwa kama nusu saa simu ya Mama Jaswant ilipolia. Aliyepiga alikuwa binamu yangu, opereta wa simu Mombasa, mtu pekee katika ukoo wetu ambaye angeweza kupata Uingereza bila kuuza ng'ombe. Mama yangu alikuwa amefariki jana yake, Ijumaa, nyumbani Taita. Peninah ndiye aliyeipokea, amevaa viatu vya kutembea, begi liko mgongoni. Haya niliambiwa baadaye. Wakati ule nilichokiona ni Peninah anakuja mbio barabarani, macho mekundu, na Mama Jaswant nyuma yake amevaa kandambili na shali, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona nje kabla ya saa nne.

"Umelia?" nilimwuliza Peninah.

"Ni vitunguu. Mama alikuwa anatukaangia bhajia za njiani."

Na kweli bhajia zilikuwapo, kwenye karatasi, bado za moto. Mama Jaswant alinishika mashavu kwa mikono miwili. "Wewe kula. Sikia? Kula yote. Halafu rudi nyumbani, mimi iko." Nilidhani ni uzee. Nikapanda basi.

Kuhusu siku za kutembea sina mengi. Tulishuka kutoka milimani, tukavuka mito ya mawe isiyo na maji, tukapita vijiji ambavyo akina mama walitoka mlangoni kunitazama nywele. Nilitibu malengelenge. Nilichokiona, na nilikiona kwa sababu jicho langu limezoea kutafuta hila, ni kwamba Peninah amekuwa mtu mwingine. Alibeba chupa yangu ya maji. Alinipa kitanda cha mbali na mlango. Tulipogawiwa mkate na jibini alikata kipande chake katikati, akanisukumia nusu kubwa. Mtu akikupa hivyo bila kuombwa, kuna ombi linakuja nyuma. Nilijua anataka kunikopa pesa, na ombi kubwa, labda nauli ya kumleta mdogo wake. Nikajipangia kiwango. Nikaamua sitazidi hapo. Halafu usiku wa kwanza Lucca, katika nyumba ya masista tuliyolala, niliosha soksi kwenye beseni la korido nikawasikia yeye na Padri Doyle nyuma ya mlango wa chumba cha kulia.

"Ningemwambia siku ile ile, mwanangu. Kwetu Ireland ningesimamisha basi," alisema padri.

"Kwetu si hivyo, Father. Mtu yuko njiani."

"Basi kesho hayuko njiani. Kesho ni mapumziko."

"Kesho," alisema Peninah. "Akishakula."

Nilikamua soksi. Nikaongeza kidogo kiwango changu, kwa kuwa inaonekana hata padri alikuwa kwenye mpango.

Lucca ni mji ulio ndani ya ukuta, ukuta mpana kiasi kwamba juu yake kuna barabara na miti, na watu wanaendesha baiskeli huko juu kama hawajui wako kwenye boma la vita. Asubuhi ile ya Jumamosi joto lilianza mapema. Peninah alinunua kifungua kinywa kwa fedha yake: kahawa nyeusi ndogo kama dawa, na mkate wa mviringo, mtamu, wenye zabibu kavu. Nikala. "Ongeza," akasema. Nikaongeza. Akaniangalia nilivyotafuna kama ninavyomwangalia mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Nilipomeza la mwisho akavuta pumzi. "Wakio, hebu tukae kidogo." Mimi tayari nilikuwa nimesimama, kwa sababu nilikuwa nimeona soko.

Hivyo ndivyo siku ilivyokwenda. Yeye anatafuta kiti, mimi natafuta bei. Tulipanda ukutani. Palikuwa na benchi chini ya mti, akakaa, akapigapiga pembeni yake, nami nikakumbuka kwamba upande ule wa pili kuna bustani na nikaenda kuichungulia. Tukapita uwanja wa mviringo, nyumba zimejengwa kwa duara pale ambapo zamani, alieleza padri, watu walitazama wengine wakiuawa, na sasa paliuzwa nyanya. Peninah alikuwa haoni nyanya wala nyumba. Mara moja tu nilimwona amesimama chini ya ukuta mwekundu wenye majani, ule ule wa picha yake, ameinua uso, midomo wazi, na nikamwacha kwa muda kwa sababu sikuwahi kumwona na sura ile. Kisha aliniona namwangalia, akashtuka kama aliyefumaniwa na sukari, akanikamata mkono. "Twende tukanawe miguu." Palikuwa na bomba uwanjani. Akapiga magoti juu ya mawe, akaniosha miguu mwenyewe, mwanamke mzima, mbele ya Wataliano. "Peni, sema tu unataka kiasi gani," nilimwambia. Akaniangalia bila kuelewa. "Kiasi gani cha nini?"

Kabla ya mchana tuliingia kanisa moja kujikinga na jua. Upande wa kulia kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake amelala mtakatifu wao, mwanamke aliyekuwa mtumishi wa nyumba miaka mia saba iliyopita, mwili wenyewe, mkavu, mweusi kama mimi, amevalishwa gauni safi na shada la maua kichwani. Watu walipita, wakagusa kioo, wakaenda. Mimi nimeona wafu wengi wodini lakini si mmoja aliyengojewa hivyo. Nikamnong'oneza Peninah kwamba huyu ana bahati, wa kwetu hata jamaa aliye Nairobi hangojewi, siku ya tano ukichelewa unakuta udongo umekauka. Ilikuwa mzaha. Peninah alitoka nje mbio, nikamkuta ameegemea nguzo, anatapika kahawa. Nikamwambia ile kahawa yao ni kali.

Sasa nifike kwa fundi. Duka lake lilikuwa shimo tu ukutani, giza tupu ukitoka juani, linanuka gundi na ngozi. Mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Soli yangu ya kushoto alipoiona alitikisa kichwa kwa heshima, kama daktari, na akatoa kutoka rafuni jozi ya viatu vya ngozi vya kahawia, vigumu, vyenye kamba. Vilikuwa vizuri. Nilikunja uso kuonyesha ni vibaya. Namba za Kitaliano nilizijua kabla ya salamu zao: akasema lira elfu sita, nikainua vidole vitatu. Akashika moyo. Akanionyesha mshono. Nikamwonyesha alama ya kucha kwenye kisigino. Akanivutia kigoda, nikakaa, nikavua kiatu kilichopasuka, na bila kushusha vidole vyangu vitatu nikajiandaa kwa mapambano, na nilikuwa na furaha, nakumbuka, furaha kamili ya mtu anayefanya kile anachokijua.

Peninah alisimama mlangoni. Baadaye alinieleza jinsi alivyofikiri. Amekula. Amenawa. Na sasa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, amekaa. Hakuna mkubwa wa kukohoa, ila yeye. Akaja akapiga magoti mbele yangu, mkono wake mkubwa akauweka juu ya mkono wangu ule wa chini, na kwa kuona ule mkono tu nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeuona ukifanya vile wodini mara nyingi, na nilijua neno linalofuata.

"Wakio. Mama amekufa."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

"Lini?"

"Ijumaa. Si ya jana. Ile ya kabla hatujaondoka."

Nilihesabu. "Wamezika?"

"Jumatano. Binamu yako alisema watazika Jumatano."

Jumatano tulikuwa tumelala karibu na bahari, tukala supu ya maharagwe na ngano nzima, na nilisema imekaribia kuwa kama ya nyumbani. Peninah alianza kulia. Hakulia kama wanavyolia huku. Alilia kama kwetu, kwa sauti, kifua kikipanda, akinililia mimi ambaye sikuwa nalia, na mlio wake ulijaa duka lile dogo mpaka nyundo zikatetemeka kwenye misumari. Mzee wa watu alitutazama. Mmoja amelala magotini mwa mwenzake anaomboleza, mwingine amekaa wima, macho makavu, anamkodolea fundi, mkono bado umeinuliwa na vidole vitatu. Akasema elfu tano. Akamtazama Peninah, akasema elfu nne. Sikuwa nabishana. Nilikuwa nimesahau kushusha mkono. Peninah akapiga ukelele mwingine, na fundi akatupa mikono hewani, akasema elfu tatu, akavifunga viatu kwenye gazeti yeye mwenyewe, akavitia mapajani mwangu. Katika maisha yangu yote sijapata bei nzuri kuliko ile. Nililipa. Nikahesabu chenji, na nikaihesabu tena.

Jioni tulikaa juu ya ukuta, kwenye benchi lile la asubuhi. Padri Doyle alikuja akakaa pembeni, akaniomba radhi kwa niaba ya kila mtu, nikamwambia hakuna neno. Nilikuwa namaanisha hivyo hasa: kulikuwa hakuna neno. Niliyachunguza yaliyo ndani yangu kama ninavyopapasa tumbo la mgonjwa, hapa panauma, hapa je, na hapakuuma popote. Uchungu niliungoja kama tunavyongoja basi la namba kumi na moja. Unajua liko njiani, unachungulia barabara, halafu unachoka unaanza kutembea. Watoto walipita na baiskeli. Kengele zikalia, kisha kanisa jingine likajibu kwa kuchelewa. Padri akaniuliza kama nataka kurudishwa Birmingham. Nikauliza kama nitarudishiwa fedha ya wiki iliyobaki. Akasema, kwa aibu, kwamba haiwezekani. Kesho yake nilitembea na wenzangu, nimevaa viatu vipya, na vilinichubua miguu mpaka Siena.

Tuliporudi Sparkhill Mama Jaswant alikuwa ametandika shuka jeupe sakafuni katika sebule yake na kuondoa viti vyote. Wauguzi wenzangu walikuwa wamekaa chini, na wake wa Makalasinga, na mama mmoja wa Kampala ambaye sikuwahi kusemezana naye, akaniambia "pole, dada" akalia kama aliyemzaa mama yangu. Waliimba nyimbo za kikwetu, kisha wao wakaimba za kwao, kisha tukala chapati na dengu. Nilikula. Usiku mmoja wiki hiyo nilimsikia Mama Jaswant kwenye ngazi akimwambia Peninah: "Yeye hapana lia bado?" "Bado, Mama." "Hii si muzuri. Hii nakaa ndani kama maji ya ukuta, naoza nyumba." Wakashuka jikoni kunichemshia maziwa. Na mwaka ukapita hivyo. Nilifanya mitihani, nikafaulu. Nilikwenda kazini, nikarudi. Msimu wa baridi walinipa zamu ambamo wagonjwa wengi wazee walikufa, na tangu Lucca ni mimi niliyeomba kuwaambia jamaa zao, kwa sababu sauti yangu ilikuwa haitetemeki kabisa, na sista alinisifu mbele ya wanafunzi. Peninah aliacha kuifanya kazi hiyo. Kila alipoitwa mlangoni alitafuta bandeji za kukunja. Hatukugombana. Tulisonga ugali wa manjano, tukagawana kabati, tukaazimana soksi. Picha ya ukuta mwekundu aliibandua, ikabaki alama nne za gundi.

Nilikwenda nyumbani baada ya miaka miwili, nikaonyeshwa kaburi. Lilikuwa limeota majani mazuri. Nilisimama pale kwa muda unaostahili.

Hesabu ninayo mpaka leo. Ningeambiwa Jumamosi ile mlangoni pa kanisa, ningechangisha marafiki Jumapili, ningepanda ndege Jumatatu usiku, ningefika Nairobi Jumanne, ningeshika gari moshi la usiku mpaka Voi, na Jumatano asubuhi ningepanda mlima nikalikuta jeneza halijafungwa. Nimefanya hesabu hiyo ikatoka sawa. Kisha naifanya tena, naweka ofisi ya tiketi iliyofungwa mpaka Jumatatu, naweka mchango unaokuja polepole, naweka ndege iliyojaa, na nafika Ijumaa, udongo umekauka. Mara moja nawahi, mara moja siwahi. Kwa miaka hii yote nilishikilia ile ya pili, na niliishikilia kwa ajili ya Peninah. Mila ni mila, nilisema. Alifanya kama mama zetu wangefanya. Asingeweza kujua.

Lakini wiki iliyopita, tulipomaliza pilau, nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Bintiye alikuwa ameenda kuchukua gari. Peninah aliegemea fimbo, akatazama upande wa barabara, si upande wangu.

"Kabla hujanijibu, ujue kitu kimoja," alisema. "Kila mtu anadhani ni mila. Padri, Mama Jaswant, wewe. Mama Jaswant alisema nikwambie pale pale. Alisema, huyu mama yake iko moja tu, kimbia mwambie. Alinifuata mpaka kanisani akinisukuma mgongoni. Mimi ndiye niliyesema mtu wa safari haambiwi."

"Ndivyo ilivyo kwetu."

"Ndivyo ilivyo. Lakini sikulisema kwa sababu hiyo." Gari la bintiye likatokea kwenye kona. "Ningekwambia, ningebaki nawe. Ningekuacha vipi? Na nilikuwa nimeshavaa viatu, Wakio. Nilitaka kuiona Italia."

Gari likasimama. Bintiye akatoka kufungua mlango, akatusalimia kwa Kiingereza, akauliza kwa nini tumesimama kwenye upepo. Nilimsaidia Peninah kuinua mguu mbaya, nikamfunga mkanda. Alinishika kidole kimoja kupitia dirishani, akakiachia gari lilipoanza kwenda.

Nimelala nalo hili kila usiku tangu siku hiyo. Nasema nimkasirikie, na ninapomkumbuka amesimama chini ya ule ukuta, uso juu, midomo wazi, nashindwa pa kuanzia. Nasema nimsamehe, na naona kwamba ili umsamehe mtu lazima kwanza uwe umeumia, na mimi sijawahi kufika hapo. Niko bado kwenye kigoda. Halafu kuna hili la tatu, ambalo sijamwambia mtu: sijui kama ningeambiwa mapema ningeshuka kwenye lile basi. Nilikuwa nimeshalipa. Yeye anasubiri nimpime kosa lake, na mimi sina jiwe la mizani.

Jumapili atakuja. Bintiye atamshusha mlangoni, atakaa kwenye kiti kile cha dirishani, atasubiri nimalize kumimina chai, na hataniuliza mara ya pili, kwa kuwa anajua nimesikia ile ya kwanza. Ninyi mliosoma mpaka hapa, wenye mama na wasio nao, nipeni shauri: nimjibu nini?